Testa na wenzake wa mwembeni: kisa cha mwanafunzi mmoja wa ufundi umeme

Mahudhurio yameshuka, alama za karakana zimepanda. Hizo ndizo karatasi mbili zilizokuwa mezani kwenye kikao cha nidhamu, zote za mwanafunzi mmoja na za muhula mmoja. Mwalimu wa nidhamu aliisoma ile ya kwanza akasema kijana ameshakata tamaa, aandikiwe barua ya onyo. Mimi ninayemfundisha karakana niliishika ile ya pili, nikasema kijana ndiyo kwanza ameanza kuipenda kazi. Ubishi wa namna hii unajirudia vyuo vingi vya ufundi stadi, na kila upande huwa na ushahidi wake. Ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa chote, tangu kijana alipoingia getini.

Nitamwita Testa, jina alilokuja kupewa na wenzake, na mambo machache ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Chuo kiko Kanda ya Ziwa, Tanzania, na kinafuata mtaala wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Yeye alikuwa ngazi ya kwanza ya NVA, tuzo ya taifa ya ufundi stadi, fani ya umeme wa majumbani, mwanafunzi wa kutwa.

Aliletwa

Testa alimaliza kidato cha nne akapata ziro. Baba yake mdogo, anayekaa naye mjini, ndiye aliyechukua fomu ya chuo, akaijaza na fani akaichagua yeye. Kwetu hilo si geni. Wengi wa mwaka wa kwanza wameletwa: na kaka, na shangazi, na mama aliyechoka kumwona mtoto akishinda kijiweni. Mtaani chuo cha ufundi bado ni mahali pa waliofeli, na vijana wanafika wakiwa wameshaambiwa hivyo nyumbani. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, kwa hiyo sasa mtoto anaweza kuanza ufundi kidato cha kwanza bila kusubiri matokeo mabaya yamsukume. Huenda miaka ijayo maneno hayo yakapungua. Testa aliingia kwa njia ya zamani.

Siku ya usajili tunawapa fomu yenye swali moja ninalolipenda kuliko mengine: baada ya mafunzo unatarajia kufanya nini? Aliandika "kazi yoyote".

Miezi ya mwanzo alikaa benchi la nyuma. Hakuwa mtukutu. Ukimsalimia anaitikia kwa adabu, ukimuuliza swali anasema "sijui mwalimu" kabla hujalimaliza. Ila mfukoni mwa ovaroli alikuwa na testa ya zamani, bisibisi ya kupimia umeme, mpini umezungushiwa utepe mweusi, na hakuiacha hata siku moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hana kifaa chake mwenyewe, anangoja vya karakana. Kijana asiyetaka kitu habebi testa.

Nilimpigia simu baba yake mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kafanya nini tena?"

Nilikuwa sijataja kosa lolote. Tulipoelewana kwamba sijapiga kushtaki, akanieleza hali ya nyumbani. Ada si tatizo; kwenye vyuo vya VETA ada ya kutwa imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka, na watu wengi wanajikongoja wakaimaliza. Kinachouma ni vya kila siku: nauli, ovaroli, buti, chakula. Hela ya kula mchana hampi. "Chakula kipo nyumbani, arudi ale." Nyumbani ni dakika 40 kwa miguu, kwenda tu.

Saa ya chakula

Karakana inafungwa saa sita na nusu, inafunguliwa saa nane. Wanafunzi wanatoka kwenda kwa mama lishe nje ya geti, wakirudi wanakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya karakana ya magari mpaka kengele. Testa muda huo yuko barabarani. Akifika, saa nane na robo au na nusu, wenzake wameshajigawa kwenye bodi za mazoezi. Nafasi iliyobaki ni ya kusimama nyuma na kuchungulia.

Mtu anaweza kudhani anachokosa ni usingizi na porojo. Mimi nilianza kukaa karibu na mwembe ule kwa sababu zangu za kivuli, nikasikia mengi. Ukitaka kujua kazi za umeme za mji huu, pale ndipo zinapotangazwa. Mmoja anasema kuna nyumba ya vyumba vinne upande wa mlimani inatafuta watu wa kuvuta waya. Mwingine ana kaka yake Geita, anaeleza mafundi wa mgodini wanavyolala kambini na kurudi kwa zamu. Wanataja duka linalouza waya feki, bosi anayelipa jioni ileile na bosi wa "njoo kesho". Mara utasikia nani kaacha chuo, nani kaolewa, nani kapata ajira ya kiwanda cha samaki. Darasani tunafundisha saketi. Ni pale mwembeni kijana anapojua kwamba kuna watu wanaoishi kwa saketi hizo, wana majina, na mmoja wao anaweza kumwita kesho asubuhi.

Testa alikuwa anapata saketi tu.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani waliotumia miaka mingi kuchunguza motisha, wanasema mtu hujituma kwa moyo wake akiwa na mambo matatu: aone ana hiari katika anachofanya, aone anakiweza, na aone ana watu anaohusiana nao katika jambo hilo. Vyuo vyetu vinashughulika na la pili karibu peke yake. Mwanafunzi akilegea tunamwongezea mazoezi, au tunamwita mgeni mwenye suti aje kuwaambia "jiaminini" kwa saa mbili, ukumbi mzima unapiga makofi, na Jumatatu benchi la nyuma liko vilevile. Mikono ya Testa haikuwa na tatizo. Alikosa hiari, kwa kuwa fani alichaguliwa, na alikosa watu, kwa kuwa saa ya watu alikuwa njiani.

Waya wa soketi

Muhula wa pili nilibadilisha jambo moja la kawaida sana. Badala ya kuwaacha wajichagulie bodi kila siku, niliwapanga watatu watatu, bodi moja, muhula mzima. Testa akaangukia kwa kijana mwenye umri mkubwa kuliko wote darasani, wanamwita Mzee, ambaye alikuwa fundi wa mtaani miaka kadhaa kabla ya kuja kutafuta cheti. Wa tatu alikuwa mpole kama Testa mwenyewe.

Zoezi lilikuwa la chumba kimoja: taa ya tuwei (inayowashwa na kuzimwa kwa swichi mbili), soketi mbili, breka zake. Taa hupigwa waya mwembamba wa 1.5, soketi mnene wa 2.5, hilo linajulikana tangu wiki ya kwanza. Mzee, kwa mazoea yake, alivuta 1.5 kote, akimenya waya kwa meno. Testa kapewa kazi ya kushika paipu. Nikiwa bodi ya jirani nikamsikia anasema kwa sauti ya chini:

"Kaka, hiyo ya soketi itachemka."

"Nani kakwambia?"

"Kwetu iliungua. Mama mdogo alichomeka jiko na pasi pamoja. Walipobomoa wakakuta waya mwembamba kama huo."

Mzee aliuangalia waya, akautoa wote, akampa plaizi. "Haya, vuta wewe." Jioni hiyo Testa aliunganisha soketi zote mbili, na ile testa ya utepe mweusi ndiyo iliyotumika kupima. Jina likamganda hapohapo.

Siku chache baadaye hakwenda nyumbani mchana. Mzee alikuwa amemwambia, "Mwanangu, utatembea mpaka lini? Kaa tule." Mzee na wenzake watatu walikuwa wanachanga kwa mama lishe, ugali na maharage sinia moja, siku ya neema na dagaa. Testa hakuwa na cha kuchanga, akawa anaosha sinia na kulirudisha. Hakuna aliyelifanya jambo hilo kuwa hisani, na nadhani ndiyo maana alilikubali. Kama chuo kingemwita ofisini kumpa kuponi ya chakula mbele ya watu, angekataa.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuja haraka kuliko nilivyozoea kuona. Anafika kabla ya kengele. Anauliza. Anabaki kufagia karakana ili apate muda wa kurudia tuwei. Jean Lave, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewafuatilia mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, miaka ya 1970, alikuta wanagenzi wanaanza na kazi za mwisho wa nguo, vifungo na pindo, kisha kushona, na kukata kitambaa kunakuja nyuma kabisa. Kijana anashika vitu vidogo ambavyo akikosea haviharibu nguo, huku amekaa katikati ya mafundi akiiona kazi nzima. Sinia, paipu na ufagio vilimfanyia Testa hivyohivyo. Vilimpa sababu ya kuwa pale.

Kundi lilipoanza kumtoa darasani

Sasa tunafika kwenye zile karatasi mbili. Mzee alikuwa na vibarua. Nyumba zinajengwa kila upande wa mji, vijijini miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imepeleka nguzo mpaka kwenye vitongoji, na kila mwenye nyumba anataka kufungiwa waya. Mzee akipata nyumba anawachukua wenzake wa sinia. Testa akaanza kukosekana Alhamisi na Ijumaa. Kwa siku alikuwa anapata shilingi 10,000, na hela ya kwanza, baba yake mdogo aliniambia baadaye, aliiweka mezani nyumbani bila kusema neno.

Kwa hiyo mwalimu wa nidhamu alikuwa sahihi kuhusu rejista. Alichokosea ni tafsiri. Kijana aliyekuwa anahudhuria kila siku akiwa amekufa moyo, sasa alikuwa hai na haji siku mbili kwa wiki. Rejista haipimi motisha, inapima miguu.

Hata hivyo sikuwa na amani, na hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaosema "waacheni, si wanafanya kazi?" Nilimuuliza Testa lile swali la fomu kwa mdomo. Akajibu, "Fundi. Kama Mzee." Ilikuwa hatua kubwa kutoka "kazi yoyote". Ila angalia ilipoishia. Mzee mwenyewe alikuja chuo kwa sababu alinyimwa kazi kwa kukosa cheti, na bado pale mwembeni msimamo wake ulikuwa cheti ni karatasi, kazi iko mikononi. Kundi zima likaanza kuongea hivyo. Mmoja wao aliaga kwenda Geita kabla ya mtihani na hakurudi. Kundi lile lile lililompa Testa hamu ya kuamka asubuhi lilikuwa pia limemwekea dari: huwezi kutamani kuwa mtu ambaye hakuna kati yenu aliyewahi kumwona.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao, na mwaka 1973 akaandika kwamba kati ya waliosaidiwa na mtu, wengi walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja tu. Sababu yake ni rahisi. Watu wako wa karibu wanajua unachokijua tayari. Habari mpya inakuja na yule anayeishi kwingine. Sinia la mwembeni lilikuwa na upendo mwingi na habari za aina moja.

Mwenye muhuri

Chuo chetu kina wahitimu wengi mjini ambao hakuna anayewafuatilia. Mmoja wao ni mama wa makamo aliyesoma karakana hii hii, akapanda ngazi, sasa ni mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nilimwomba aje. Alikataa kuhutubia, na nilifurahi. Alisema ana kazi ya zahanati moja, anahitaji vijana wawili, angependa awaone wakifanya kazi kwanza.

Alizunguka bodi zote, akasimama kwa Mzee.

"Nyumba ya mwisho ulilipwa bei gani?"

"Laki na nusu mama, kazi nzima. Tulikuwa wanne."

"Na fomu ya TANESCO nani aligonga?"

Mzee akamtaja mtu.

"Alikuchaji?"

"Mwenye nyumba ndiye aliyemlipa. Laki."

"Alikuja kuona kazi?"

Kimya. Alikuwa hajawahi kufika. Mtu mmoja alichukua 100,000 kwa muhuri, wanne wakagawana 150,000 kwa siku zote za kupanda darini. Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. TANESCO, shirika la umeme, haiunganishi nyumba mpaka fomu ijazwe na mkandarasi mwenye leseni, leseni inadai vyeti, na vyeti vinaanza na ile ngazi ya kwanza waliyokuwa wanaikimbia Alhamisi na Ijumaa. Mimi nilikuwa nimewaambia hayo ubaoni zaidi ya mara moja. Hayakuwaingia, kwa sababu leseni ilikuwa mada ya somo. Sasa ilikuwa mwanamke aliyesimama mbele yao, amevaa buti zenye vumbi, aliyewahi kukaa benchi lao.

Kikao cha nidhamu kilikwisha bila barua ya onyo. Tulikubaliana mambo machache: vibarua ni Jumamosi na Ijumaa baada ya saa nane, siku iliyokosekana inafidiwa karakana, na Mzee ndiye anayewajibika kwa wenzake. Kumpa dhamana mtu yule yule aliyekuwa anawatoa darasani kuliwashangaza baadhi ya walimu. Lakini wao walikuwa wanamsikiliza nani? Si mimi. Ukitaka kundi ligeuke, zungumza na anayeliongoza, na umzungumzishe kwa heshima, maana alilianzisha yeye na kulilisha yeye.

Testa alifanya mtihani wa ngazi ya kwanza akafaulu, yuko ya pili. Mzee pia. Vibarua havikuisha na wala sikutaka viishe.

Wasiokaa mwembeni

Darasa lile lilikuwa na wasichana wawili, na nimewaacha mpaka sasa kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo hata chuo kilivyowafanya. Hawakukaa mwembeni. Msichana mmoja kati ya wavulana kumi na kitu mchana kutwa atasemwa, na mama yake atazipata habari kabla hajafika nyumbani. Walikuwa wanakula kwenye chumba cha ushonaji na wasichana wa fani hiyo. Kwa hiyo nyumba za mlimani, duka la waya feki, bosi wa jioni ileile, vyote viliwapita. Mwisho wa muhula wa kwanza mmoja wao aliomba kuhamia ushonaji.

Ofisini jambo hilo lilipita bila kikao. Ilisemwa tu kwamba wasichana umeme huwashinda. Alama zake zilikuwa nzuri kuliko za Testa wakati ule. Alifuata watu, kama Testa alivyofuata watu. Tofauti ni kwamba watu wake walikuwa kwenye cherehani. Tunapowahesabu wasichana wanaoingia fani za umeme na magari na kushangilia, tuwe tunauliza pia mchana wanakula na nani.

Yule aliyebaki, mkandarasi alimchagua pamoja na Testa kwa kazi ya zahanati. Nilipowauliza tena swali langu la fomu, Testa alisema anataka leseni, ila aanze na kununua ngazi yake mwenyewe ya kupandia ili aache kukodi. Msichana alijibu kwa kifupi: "Nataka nigonge muhuri wangu." Sikuwa nimemsikia akiongea kwa sauti hiyo tangu aanze.

Kilichobadilika chuoni ni kidogo na kinahusu field, yaani mafunzo ya vitendo mahali pa kazi. Zamani kila mwanafunzi aliambiwa akatafute nafasi mwenyewe. Mwenye mjomba kiwandani alipata kiwanda, asiye na mtu akaishia kwenye duka la vifaa akipanga soketi kabatini, halafu tunashangaa anarudi amepoa. Idara ya umeme sasa ina daftari la wahitimu, nani yuko wapi na anapokea wanafunzi wangapi, na tunaanza kuwapangia wale ambao kwenye fomu ya usajili wameandika hawana ndugu yeyote anayefanya kazi hiyo. Wenye wajomba wanajitegemea kama zamani. Daftari bado lina majina machache, na wapo waliolalamika kwamba tunapendelea. Idara ya magari imeomba kuliona. Ushonaji bado, ingawa yule msichana aliyehama ameshaniuliza mara mbili kama na wao watapata lao.